Shajara ya breki zinazolia: Fielder ya Likoni

Gari ni Toyota Fielder NZE141, breki za diski mbele, za ngoma nyuma. Nakaa Likoni, Mombasa, na kazi yangu iko kisiwani, kwa hiyo feri navuka mara mbili kila siku ya kazi. Nitaandika kila hatua inapokwisha ili mwenye gari kama hili aone nilipokosea, na mahali pengine nimekosea vibaya. Bei ni shilingi za Kenya, nilizolipa kwa mkono wangu. Vipimo vya pedi, zile zinazobana diski, ni milimita za nyama peke yake, yaani ile sehemu inayosugua na kuliwa, bila lile bati la mgongoni.

Jumamosi, 8 Februari 2025 (km 148,310)

Mteremko wa feri ni mahali pabaya pa kuwa na breki inayolia. Foleni inasogea hatua mbili, inasimama. Mguu unakanyaga, unaachia, unakanyaga tena, na kila mara gurudumu la mbele linapiga ukelele, kiii, mpaka waenda kwa miguu wanageuka kutazama. Ilianza wiki iliyopita. Leo mke wangu amesema tumekuwa kama mkokoteni wa muuza maji.

Nimeuliza watu watatu. Muuza spea wa Mwembe Tayari amesema pedi zimekwisha, nibadilishe zote. Fundi wa mtaani amesema ni vumbi tu, zipigwe msasa. Jirani yangu, aliyeendesha matatu miaka mingi, amesema ni chumvi ya bahari, nimwage maji zitanyamaza. Muuza spea hajaiona gari. Fundi ameiona imesimama. Jirani hakutoka barazani.

Nimeamua nisiguse kitu kwanza. Nimenunua daftari la shule na kila breki ikilia nitaandika: saa, mwendo, mguu uko kwenye pedali au la, sauti yatoka upande gani, na imedumu kwa muda gani.

Jumapili, 16 Februari (km 148,560)

Siku nane, mistari 41. Nilipoisoma yote kwa pamoja nikaona nilikuwa nikiita sauti mbili tofauti kwa jina moja.

Ya kwanza ni ya asubuhi. Ni nzito kidogo, kama kukwaruza sufuria, na inatoka mara tatu au nne za mwanzo ninapokanyaga breki, kisha inapotea kutwa nzima. Hii ni kutu. Diski ni chuma kitupu kisichopakwa rangi, na kwa unyevu wetu wa pwani ikilala usiku mmoja inaamka na utando wa rangi ya kahawia. Pedi zinaukwangua ule utando na mambo yanakwisha. Haina dawa wala haihitaji dawa.

Ya pili ndiyo iliyonitia wasiwasi. Ni nyembamba, kali, kama mluzi wa mtoto, na inatoka mguu ukiwa haupo kwenye pedali, gari likitambaa. Nikigusa breki inakatika. Nikiachia inarudi. Kujua upande haikuwa rahisi kwa sababu ndani ya gari sauti inazunguka. Kilichonisaidia ni ukuta: nikateremsha vioo vyote, nikapita polepole kwenye kichochoro chenye ukuta mrefu kushoto, kisha nikarudi ukiwa kulia. Ukuta ulinirudishia sauti upande wa kushoto. Gurudumu la kushoto mbele.

Mluzi wa namna hiyo kwa kawaida si ajali ya bahati mbaya. Pedi nyingi zina ulimi mdogo wa bati la chuma, umekunjwa kuelekea diski. Nyama ikibaki milimita 2 au 3 ulimi unafika kwenye diski na kuanza kulia. Aliyetengeneza pedi aliuweka makusudi, ili uambiwe kabla mambo hayajaharibika.

Basi nikachungulia. Nilichukua ncha ya keekee ya milimita 3, nikaipitisha katikati ya matundu ya rimu, baina ya diski na bati la mgongo la pedi. Nafasi hiyo ni sawa na unene wa nyama. Ncha moja iliingia ikapwaya, nikaongeza ya pili ya milimita 3, zikakaa zote mbili sawasawa. Milimita 6. Pedi nzima kabisa! Nikafunga daftari, nikajisifu.

Na kwa kuwa boneti ilikuwa wazi, nikaona mafuta ya breki yameshuka karibu na alama ya MIN. Nikayajaza hadi MAX. Nilidhani nafanya jambo la maana. Kumbe pedi zikiliwa, pistoni za kalipa (kile kibanio kinachozibana pedi kwenye diski) zinatokeza nje zaidi, na mafuta yanashuka kufuata nafasi hiyo. Mafuta yakipungua taratibu bila kuvuja popote, ni pedi zinazoongea. Mimi nikazijaza mdomo.

Gharama: mafuta DOT 3, chupa ndogo, 450.

Jumamosi, 1 Machi (km 149,000)

Mluzi haukuondoka. Nikaenda kwa fundi wa mtaani, zikapigwa msasa, dakika 25, shilingi 600. Mimi nilikwenda kuswali adhuhuri, nikarudi nikakuta magurudumu yamesharudishwa. "Bado ziko sawa, bosi," akaniambia.

Msasa una kazi yake. Pedi ikipata joto kali, uso wake unageuka unang'aa kama kioo, na uso wa namna hiyo hutetema kwenye diski na kulia. Ukiukwangua, kelele inapungua. Lakini msasa hauongezi nyama, unapunguza.

Gari lilinyamaza Jumapili na Jumatatu. Jumanne jioni, kwenye mteremko ule ule wa feri, kiii.

Sikumuuliza fundi namba. Hilo ndilo kosa la siku, la kwangu na si lake. "Ziko sawa" si kipimo.

Jumapili, 9 Machi, usiku (km 149,240)

Nimelifungua mwenyewe, baada ya tarawehe. Jua la Machi, saumu na spana haviendi pamoja.

Hatua za kawaida nazipita haraka: mawe nyuma ya magurudumu, nati za 21 zilegezwe gari likiwa bado chini, jeki, stendi chini ya fremu (jeki peke yake usiiamini hata kidogo), gurudumu litoke, boliti ya chini ya kalipa, kichwa cha 14, kalipa iinuliwe juu kama kifuniko. Kama unaitoa kalipa yote, ifunge kwa waya kwenye springi. Isining'inie kwa mpira wake wa mafuta. Vumbi la breki nisilipulize, nilifute kwa kitambaa kilicholowa, na barakoa usoni.

Mwanga wa simu, venia mpya (kifaa cha kupimia unene), na haya ndiyo yaliyotoka:

Kushoto: pedi ya nje 6.0, pedi ya ndani 1.9.
Kulia: pedi ya nje 5.8, pedi ya ndani 5.2.

Nikapima tena ile ya kushoto ndani. 1.9. Ulimi wa bati umeng'arishwa na diski mpaka unameta kama fedha. Kipimo changu cha 16 Februari kilikuwa sahihi, ila nilipima pedi isiyokuwa na neno.

Sababu ni namna kalipa ya aina hii inavyofanya kazi. Pistoni iko upande mmoja tu, wa ndani. Inasukuma pedi ya ndani ibane diski, kisha kalipa yenyewe inateleza juu ya pini mbili na kuivuta pedi ya nje ibane upande wa pili. Pini zikiteleza vizuri, pedi zote mbili zinaliwa karibu sawa. Pini ikikwama, kalipa haisogei, na pedi ya ndani inabeba mzigo wote. Halafu ukiachia pedali, kalipa hairudi vizuri, na pedi inaendelea kulamba diski. Pini yangu ya chini kushoto ilikuwa imeganda. Niliizungusha kwa koleo, ikatoka imevaa kutu mwili mzima. Kimpira chake cha kuzuia maji kilikuwa kimepasuka, na gari hili kila siku linakanyaga maji ya bahari pale kwenye ngazi ya feri, hasa bamvua likijaa.

Nilikuwa nimeshanunua pedi mchana, zile za bei ya chini, 1,400. Hazikuwa na ulimi wa bati wala shimu, yale mabati membamba ya mgongoni. Muuzaji aliniapia kuwa zote zatoka kiwanda kimoja, hizi zimekosa boksi tu. Nikakubali kwa kuwa nilitaka kukubali.

Sasa makosa, kwa mfuatano wake.

Nilirudisha pistoni ndani kwa klampu, pedi kuukuu ikiwa kinga. Pistoni ikirudi, mafuta yanapanda juu kwenye chupa. Chupa nilikuwa nimeijaza mwenyewe hadi MAX. Nikasikia tone, tone, nikadhani ni maji ya eyasi (AC) ya jirani. Yalikuwa mafuta ya breki, yanashuka juu ya bawa la mbele. Nikamwaga maji ndoo mbili, lakini mafuta haya yanakula rangi: asubuhi kulikuwa na baka la ukubwa wa kiganja, limevimba kama limeungua. Dawa yake ilikuwa ndogo tu, kunyonya mafuta kidogo kwa sindano ya duka la dawa kabla ya kusukuma pistoni.

La pili: pini niliisugua kwa brashi ya waya, nikaipaka grisi niliyokuwa nayo. Grisi ya beringi. Kumbuka hili, litarudi.

La tatu lilikaribia kuniaibisha mtaani. Saa saba usiku nimemaliza, nimechoka, nikawasha gari nilirudishe mahali pake. Nikakanyaga breki, pedali ikazama mpaka chini kama nimekanyaga godoro. Pistoni zilikuwa zimerudi ndani kabisa na sikuwa nimepampu pedali kuzileta mbele. Hendibreki ndiyo iliyoniokoa, shubiri moja kutoka tangi la maji la jirani. Siku hizi, pedali napampu mpaka iwe ngumu kabla hata ufunguo sijaugusa.

Gharama: pedi 1,400, venia 1,500. Rangi nimeulizia, sijaitengeneza.

Jumapili, 16 Machi (km 149,500)

Pedi mpya zimelia kuliko kuukuu. Wiki nzima. Mke wangu ameuliza kama nilizinunua kwa ajili ya sauti.

Nilikuwa nimeruka hatua ya kuzizoesha. Pedi mpya na diski kuukuu hazijuani: uso wa pedi unatakiwa uache utando mwembamba wa nyama yake kwenye diski, sawasawa kote. Leo alfajiri, baada ya daku, nimekwenda barabara ya Dongo Kundu kutokea Miritini, ambako saa hizo kuna malori machache tu. Nimefanya hivi: mwendo wa 60, breki ya wastani hadi 15 bila kusimama kabisa, nikaongeza mwendo tena, mara kumi. Kisha nikaendesha kilomita kadhaa bila kugusa breki ili zipoe. Usisimame na kuikaza pedali zikiwa za moto, kwa sababu pedi itaacha alama yake mahali pamoja na usukani utatetemeka baadaye.

Kelele ilipungua, haikuisha. Nikalifungua tena saa tatu asubuhi, nikatoa zile shimu za pedi kuukuu kwenye takataka, nikazisafisha, nikazipachika kwenye mpya. Zikakaa. Ukelele wa breki ni mtetemo tu, pedi inapigapiga mahali pake upesi sana, na shimu kazi yake ni kuupunguza. Sasa inalia mara moja kwa kumi badala ya kila mara.

Gharama: brashi ya waya ya pili, 150 (ya kwanza iliishia kwenye kutu ya pini).

Jumamosi, 29 Machi (km 149,900)

Gari linavuta kushoto. Jana kutoka Changamwe nimenusa harufu kama ya mkaa uliomwagiwa maji. Nilisimama, nikanyunyiza maji kwa vidole kwenye rimu za mbele. Kulia yakateleza yakadondoka. Kushoto yakasema chsss yakakauka.

Idi imekaribia na kila gereji imejaa magari ya watu wanaotaka kwenda kwao, lakini mzee mmoja wa Majengo, ambaye marehemu baba yangu alikuwa akimpelekea Datsun yake, alinikubalia niingie kabla ya adhuhuri. Alitoa pini, akainusa, akaigusa kwa kucha.

"Hii grisi ni ya beringi, sivyo?"

"Ndiyo mzee. Ndiyo niliyokuwa nayo."

"Mwanangu, mpira na mafuta haviwekwi chumba kimoja. Huu ushavimba."

Akanionyesha. Moja ya pini za kalipa hii ina kipande cha mpira mwishoni. Grisi ya kawaida inatokana na mafuta ghafi yanayochimbwa ardhini, na mpira wa namna hiyo ukiinywa unavimba. Mpira umevimba, pini imekwama ndani ya tundu lake kama kizibo, kalipa haitelezi. Yaani nilitibu pini iliyoganda kwa kuigandisha upya. Kwenye pini za breki ni grisi ya silikoni, au ile inayouzwa kwa jina la grisi ya breki, basi.

Halafu akanionyesha pedi zangu za 1,400. Wiki tatu, na pembe zimeanza kumeguka kama mkate mkavu. Hakusema kitu. Alizitupa kwenye debe.

Diski tulizipima pia. Kiwango cha chini kimepigwa muhuri kwenye diski yenyewe, MIN TH 20, yaani unene usipungue milimita 20. Yangu ya kushoto ilisoma 20.8, kulia 21.1. Nilitaka zikerezwe kwa mashine zing'ae, lakini mzee alikataa kunichukulia pesa yangu. "Ukikereza utalingana na muhuri. Utakuwa umelipia kunyoosha kitu cha kutupa." Akachukua tupa, akauondoa ule ukingo wa kutu uliosimama pembezoni mwa diski ambako pedi haifiki, maana nao hugusa pedi mpya na kulia. Diski za kushoto na kulia zitabadilishwa pamoja zikifika zamu yake.

Safari hii pedi ni za boksi, zina ulimi na shimu zake. Kabla ya kufunga, alizipaka grisi ya breki kidogo sana mgongoni na kwenye masikio yanapoteleza, ya kufunika ukucha tu. Usoni hata tone. Zikiwa mpya nyama ni 10.5. Nati za magurudumu alizikaza kwa spana ya kipimo, nyutoni-mita 103, gari likiwa chini.

Nikarudi Dongo Kundu, mara kumi, kama ile siku. Kimya. Mpaka nikafungua dirisha kuhakikisha.

Gharama: pedi 3,900, vifaa vya pini na vimpira vyake 900, grisi ya silikoni 500, kazi ya mzee 1,000 (aliomba 800).

Jumamosi, 26 Aprili (km 150,950)

Masika. Mvua ya siku mbili, gari halikutoka. Leo asubuhi mke wangu alilichukua kwenda Kongowea, na kabla hajafika barabara kuu akanipigia simu: "Breki zako zimerudi." Nikamwambia akanyage mara tano sita halafu aniambie. Hakupiga tena.

Ni ile sauti ya kwanza ya daftari, kutu ya usiku, ila ya mvua ni nene zaidi. Nyuma nako kulikuwa na "tak" gari lilipoondoka: viatu vya ngoma (ndivyo pedi za breki za nyuma) vilikuwa vimeshikana na ngoma kwa kutu kwa sababu hendibreki ilikazwa siku mbili. Mvua ikianza, mahali tambarare, naacha gia kwenye P na jiwe nyuma ya tairi, hendibreki naiacha.

Jumapili, 15 Juni (km 152,700)

Kipimo cha kwanza rasmi. Kushoto: nje 9.9, ndani 9.8. Kulia: nje 9.9, ndani 9.8. Ile milimita 4.1 iliyokuwa baina ya ndani na nje kushoto sasa ni sehemu ya kumi moja. Pini zinaonekana kuteleza.

Milimita 0.7 kwa kilomita 2,800. Kwa mwendo huu wa foleni nina kama kilomita 27,000 kabla ya kufika 3. Anayeendesha Mombasa hadi Voi bila foleni atapata nyingi zaidi, na matatu itapata chache sana.

Watu wawili kazini wameniuliza wabadilishe lini, nikawaambia ninavyofanya mimi. Ikifika 4 naanza kutafuta pesa, ikifika 3 nabadilisha, hata kama ni pedi moja tu kati ya nne, na nabadilisha kushoto na kulia pamoja. Ndani na nje zikitofautiana kwa zaidi ya milimita 1.5, pedi mpya hazitasaidia kitu mpaka pini zishughulikiwe. Ya ndani naipima kupitia tundu la juu la kalipa, kwa kioo kidogo na tochi, si lazima gurudumu litoke kila mara kama rimu ina nafasi. (Kioo nilikikopa kwenye mkoba wa mke wangu. Kimerudi kimejaa vumbi jeusi, nikanunuliwa maneno.) Mluzi bila kukanyaga, napima siku hiyo hiyo. Na kelele ya kusaga, grrr, chuma kwa chuma, hiyo siendeshi hata mpaka gereji. Naita fundi aje kwangu, kwa sababu hapo nyama imekwisha na bati la mgongo linalima diski. Mmoja wao akauliza, na kama hailii kabisa? Nilimwambia pedi zangu za 1,400 hazikuwa na ulimi. Zingefika mwisho bila neno.

Leo pia nimebadilisha mafuta ya breki. Yalikuwa yamegeuka rangi ya chai ya mkandaa. Mafuta haya hunyonya unyevu hewani, na hewa yetu haina uchoyo wa unyevu. DOT 3 mpya inatakiwa isichemke kabla ya nyuzi 205 za Selsiasi. Ikishakunywa maji kiwango chake kinashuka hadi 140. Yakichemka kwenye mteremko, pedali inazama. Ushauri wa kawaida ni kila miaka miwili.

Mwanangu wa miaka 14 alikaa kwenye pedali, mimi chini na bomba la plastiki na chupa ya soda, tukaanza na gurudumu la nyuma kushoto kwa kuwa ndilo lililo mbali zaidi na pampu. "Kanyaga." "Nimekanyaga." "Shikilia." Nafungua, nafunga. "Achia." Tukafanya vizuri magurudumu mawili, la tatu tukaanza kubishana juu ya timu ya Bandari FC, na chupa ya juu ikakauka. Hewa ikaingia. Pedali ikawa kama sponji na ilibidi tuanze upya tangu nyuma kushoto, kwa chupa nyingine ya mafuta. Sasa mwanangu kazi yake ya kwanza ni kutazama chupa, mguu baadaye.

Viatu vya ngoma za nyuma: vumbi jingi, nyama ya kutosha, hakuna kilichovuja kwenye silinda. Nimefuta, nimefunga.

Gharama: mafuta chupa mbili 1,400, ya tatu ya uzembe 700, bomba 50.

Tangu Februari jumla ni 12,550. Kati ya hizo, 3,150 ni za makosa matupu: mafuta niliyojaza bila kufikiri, msasa, pedi zilizomeguka, na ile chupa ya tatu. Baka la bawa silihesabu kwa sababu bado liko pale pale, na nimeanza kulizoea.

Jumapili, 14 Septemba (km 155,600)

Dakika 20, kioo changu mwenyewe safari hii. Pini zote nne nimezisukuma kwa kidole, zinateleza. Kimpira cha chini kushoto kizima, nimekifuta chumvi.

Kushoto: nje 9.2, ndani 9.1. Kulia: nje 9.2, ndani 9.1. Diski ya kushoto 20.7.

Jana foleni ya feri ilikuwa ndefu na gari la mbele yangu lilikuwa likipiga mluzi, mguu haumo kwenye breki, taa za nyuma zimezima. Nilishuka nikamgongea dereva kioo. Alidhani namwambia tairi limetoka upepo.